Profesa Mtonyole, Ukurasa wa 46

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nina kesi na nimekosa hakimu. Ndani yake wamo wanafunzi watatu, mwalimu mmoja aliyechoka, na nafasi moja ya kazi. Nafasi zingekuwa tatu nisingewasumbua.

Kilikuwapo chuo kikuu kimoja, jina lake tuliache. Hapo walisoma Zamoyoni, Lwitiko na Pendael, wote wa mwaka wa tatu.

Zamoyoni, binti wa Pangani, alijua kusoma. Msicheke. Najua nanyi mnasoma, lakini yeye alisoma kila kitu: jalada, shukrani, na yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa ambayo sisi wengine tunayaruka kama dimbwi. Wenzake wakifunga kitabu yeye yuko sura ya pili, wala haoni haya.

Lwitiko wa Tukuyu alijua kutafuta. Ukimwambia kitu hakipo, anakuuliza nani kakwambia. Ukimtajia aliyekwambia, kesho yake yuko mlangoni kwa mtu huyo anabisha hodi. Wahudumu wa maktaba wakimwona anaingia walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba hawajanywa chai.

Pendael wa Usangi alijua kuandika. Mpe gunia la maneno, atakurudishia kibaba, na utafute kilichopungua usikione. Ila mpaka huyo bwana akae chini na kuanza, wewe umeshaota mvi.

Mwalimu wao alikuwa Dokta Agripina Mbunda. Kwa miaka kumi na moja alifundisha mwaka wa kwanza Stadi za Kujisomea na Uandishi. Kumi na moja! Kila mwaka anawaambia yale yale: soma huku unauliza, andika notsi kwa maneno yako, taja wazo umelitoa wapi. Kila mwaka wanatikisa vichwa, ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, halafu wanatoka darasani moja kwa moja hadi steshenari kutoa kopi ya desa. Desa ni zile notsi za waliowatangulia. Mwaka huu wananakili ya mwaka jana, na wa mwaka jana walinakili ya mwaka juzi. Agripina akiletewa insha mia mbili za kusahihisha, anajikuta anasoma insha moja mara mia mbili. Alikuwa amechoka mpaka huko kuchoka kwenyewe kukamchosha.

Basi siku moja akawaita wale watatu, akawabwagia mezani insha zote za mwaka wa kwanza alizokwisha kuzisahihisha. "Huu ndio utafiti wenu wa kumalizia chuo," akasema. "Nataka kujua kwa nini hawa watoto hawajifunzi kuandika. Na nawaomba, nawaomba sana, msiniletee desa."

Zamoyoni alizisoma zote. Wenzake walimshauri asome ishirini, zilizobaki akisie, kwa kuwa zinafanana. Yeye akasema kwa sababu zinafanana ndiyo maana atazisoma. Akasoma wiki tatu, macho yakamwiva. Wiki ya nne akaja na karatasi.

"Insha mia moja themanini na nane zimemtaja Profesa Mtonyole, mwaka 1994, ukurasa wa 46," akasema. "Ati mwanafunzi husahau robo tatu ya alichosikia kabla hajafika bwenini. Wote ni ukurasa wa 46. Hakuna aliyepitia wa 45, hakuna aliyefika wa 47. Huyu mzee aliandika kitabu cha ukurasa mmoja?"

"Labda ndio mzuri kuliko yote," Pendael akasema, akarudi kuangalia mpira.

Kama si Zamoyoni, mambo yangepita kama yalivyopita miaka yote. Lakini na yeye, baada ya kuona, akaiweka karatasi mezani akasema kazi yake imekwisha.

Lwitiko akaichukua. Maktaba ya chuo, kitabu hakipo. Akaandikia maktaba za vyuo vingine vinne, hakipo. Akauliza maprofesa wastaafu: Mtonyole huyo ni wa wapi, nani alisoma naye? Hakuna anayemjua. Ndipo akaamua kulifuata desa kinyumenyume. Aliyekupa wewe ni nani? Na yeye alipewa na nani? Mwaka baada ya mwaka, jina baada ya jina, kwa simu, kwa barua, na kwa miguu yake mwenyewe. Ikamchukua wiki saba. Kundi likapitwa na tarehe mbili za kukabidhi, na Agripina akawa akimwona Lwitiko koridoni anageuza njia ili asije akamtukana mtoto wa watu.

Mwisho Lwitiko akatokea Makambako, kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa katika darasa la kwanza kabisa alilofundisha Dokta Agripina. Yule bwana alikuwa bado ana daftari lake, limefunikwa kwa gazeti. Ukurasa wa kwanza palikuwa na tarehe, palikuwa na jina la mwalimu, na chini yake maneno haya: "Mfano wa kutaja chanzo: Mtonyole (1994:46) anasema mwanafunzi husahau robo tatu ya alichosikia kabla hajafika bwenini."

Mfano! Mwalimu alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi, akabuni jina, akabuni mwaka, akabuni na maneno, ili tu waone mabano yanakaa wapi. Mwenzake aliyelinakili daftari lile mwaka ule ule akaliruka neno "mfano". Tangu hapo Mtonyole akawa profesa.

Kama si Lwitiko, wangebaki na shaka, na shaka haina alama. Lakini alirudi na picha, barua na majina ya watu sitini na tatu, akayamimina mezani bila mpangilio wowote. Yeye na Zamoyoni wakakaa wakaandika. Zikatoka kurasa sabini na mbili.

Agripina alisoma kumi na mbili, akawarudishia. "Nimetembea na nyinyi tangu Pangani hadi Makambako na bado sijajua mnanipeleka wapi," akasema. "Sasa nisikilizeni. Leo Ijumaa. Jumatatu saa nne nisipoona kitu kinachosomeka, mnarudia mwaka. Wote."

Ndipo Pendael alipoketi. Miezi mitatu alikuwa hajaandika hata nukta, na wenzake walikuwa wameshamchoka. Alivisoma vyote, akatupa, akapanga, akatupa tena. Jumatatu saa nne kasorobo alikabidhi kurasa saba. Ukianza ya kwanza huwezi kuiacha, na ukifika ya saba unaona haya kwa kila ulichowahi kunakili. Palikuwa na sentensi moja ambayo chuo kizima kiliitaja kwa wiki nzima: "Mwalimu alisema mfano, sisi ndio tulioufanya profesa."

Kama si Pendael, kurasa sabini na mbili zingelala kabatini. Lakini zilipofika baraza la chuo zikiwa saba, zilisomwa na kila mjumbe, hata wale wanaokuja vikaoni kwa ajili ya sambusa. Likatoka agizo: kuanzia mwaka huo, hakuna insha ya mwaka wa kwanza inayopokelewa mpaka mwenyewe aonyeshe kwa kidole kitabu alichokitaja. Na kitivo kikapewa nafasi moja ya mkufunzi msaidizi wa kulisimamia hilo pamoja na Agripina. Mmoja wa wale watatu aichukue. Wengine wawili warudi makwao na vyeti vyao kusubiri ajira, na nyote mnajua kusubiri huko kulivyo.

Alama zao za darasani, kwa bahati mbaya, zilikuwa sawasawa. Mkuu wa kitivo akataka jina kabla ya saa sita mchana. Saa nne Agripina akawaita ofisini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu," wote watatu.

"Marahaba. Kaeni. Kila mmoja aseme, kwa kifupi, na Lwitiko, kifupi maana yake kifupi."

"Mimi ndiye niliyeona," Zamoyoni akasema. "Wangetafuta nini kama nisingeona?"

"Kuona siyo kujua, Mwalimu," Lwitiko akadakia. "Yeye aliona namba. Mimi ndiye niliyekwenda mpaka mwanzo wake. Na bado nina barua tatu sijajibiwa, na kuna bwana mmoja wa Kibondo…"

"Lwitiko."

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Mlikuwa mnarudia mwaka," Pendael akasema taratibu. "Nyote wawili. Pamoja na kuona kwenu na kwenda kwenu."

"Na wewe ulikuwa unarudia pamoja nasi!" Zamoyoni akang'aka. "Miezi mitatu uko kwenye mpira! Halafu, Mwalimu, huyu alifuta sentensi yangu."

"Alifuta kurasa sitini na tano, mwanangu, na Mungu ambariki. Sentensi ipi?"

Hapo Zamoyoni akainama. Lwitiko akatazama dirishani. Ikabidi Agripina aulize mara ya pili, kwa sauti ile ya darasani.

"Niliandika kwamba kila insha iliyomtaja Mtonyole, mahali pale pale, ina alama ya vema," Zamoyoni akasema. "Kwa kalamu nyekundu. Na insha za zamani zilizomo kwenye picha alizoleta Lwitiko, nazo vilevile. Miaka yote kumi na moja."

Agripina alihisi uso unamwaka moto. Kalamu nyekundu ilikuwa yake. Miaka kumi na moja alikuwa akiangalia mabano, mwaka, nukta mbili, namba ya ukurasa, anaona vimekaa vizuri, anaweka vema, anakwenda insha inayofuata. Yule profesa alimbuni yeye mwenyewe, na hakumtambua. Alikuwa amewalaumu watoto wale kwa kutosoma huku yeye mwenyewe hasomi. Aliona aibu, aibu ya kweli, na juu ya aibu akaona hasira, na hakujua amkasirikie nani.

"Pendael," akasema, "kwa nini uliifuta?"

"Ilikuwa inavuta macho pembeni, Mwalimu. Utafiti ulikuwa juu ya wanafunzi."

"Ni hilo tu?"

"Na ningeiacha, baraza lingezungumza juu yako wewe, siyo juu ya desa. Nafasi hii isingekuwapo. Pengine na somo lenyewe lisingekuwapo."

"Kwa hiyo uliniokoa."

"Niliandika kilichosomeka, Mwalimu."

Agripina akampigia simu mkuu wa kitivo kuomba nafasi igawanywe kwa watatu. Mkuu akamwambia fomu ina mstari mmoja, akakata. Akawaambia wale watatu watoke. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi moja la nje, kila mmoja anatazama upande wake.

Akabaki na fomu. Akimwandika Zamoyoni, anamwandika aliyeona ambacho mwalimu mwenyewe hakukiona miaka kumi na moja, ila aliyekiacha mezani. Akimwandika Lwitiko, anamwandika aliyeufikia ukweli, ila hakuna binadamu angeuelewa kwa namna alivyouleta. Akimwandika Pendael, anamwandika aliyeufikisha mahali ukafanya kazi, ila watu watasema amemlipa aliyemfichia aibu, na yeye mwenyewe hana hakika kwamba watakuwa wanasema uongo. Akimnyima Pendael kwa sababu hiyo, basi atakuwa amemwadhibu kijana kwa ajili ya kosa lake yeye. Tena ndani ya moyo wake kulikuwa na swali lililomkera kuliko yote: mtu aliyeweka vema miaka kumi na moja, ana haki gani ya kuchagua?

Saa sita kasoro dakika tano. Kalamu iko mkononi na mstari ni mmoja.

Haya, nyinyi mliosogea. Jina lipi liandikwe? Msiniambie wote watatu, fomu haina nafasi. Na wewe uliyenyoosha mkono wa kwanza, shusha kwanza unitazame mimi, acha kumtazama jirani yako: sema jina, halafu useme sababu, na hiyo sababu uniambie umeitoa wapi.