Mto Alipopiga Hodi Tolliver

Paukwa!

—Pakawa!

Wewe mwenye hindi mdomoni, meza kwanza. Paukwa!

—Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Zamani hizo, zamani za kale kabisa, mbali huko Marekani, palikuwa na Mto. Nikisema mto msifikirie kijito chetu hiki cha kufulia nguo. Huyu alikuwa mpana hata mtu wa ng'ambo ukimtazama unamwona kama kidole tu. Alibeba magogo, akabeba visiwa, akabeba udongo mweusi wa nchi nzima, na bado alikuwa na pumzi ya kuzungumza. Mimi kila nikimsimulia nywele zinanisimama.

Wenyeji wa kwanza wa nchi ile walikaa juu ya vilima walivyovirundika wenyewe, vikapu kwa vikapu vya udongo. Bondeni, katikati ya vilima, waliacha njia tupu. Siku moja akaja mvushaji mmoja na mashua yake, mwanamke aitwaye Keziah, akataka kujenga palepale bondeni.

"Hapana, mama," wakamwambia. "Hiyo ni njia ya Mgeni. Maji yakijaa, Mto huja kututazama. Hupiga hodi, tukamkaribisha, akapita, akarudi kwake."

Keziah akasikia, akajenga juu. Baadaye wenyeji wale walifukuzwa kwenye nchi yao, na hiyo ni hadithi ya kuliza peke yake. Lakini neno lao lilibaki.

Mji ukaota pale, ukaitwa Tolliver. Vikaja vibanda vya magogo, zikaja nyumba za matofali, zikaja meli za moshi zenye magurudumu ubavuni, zimejaa marobota ya pamba. Na kila masika Mto alisimama mdomoni mwa njia yake akaita, "Hodi, wenye mji!" Wakubwa kwa wadogo wakaitika, "Karibu!" Naye akapita taratibu, asiguse mlango wa mtu, akaacha samaki kwenye majani, akarudi.

Sasa mji ukapata meya, Bwana Lucius Farnham, mtu wa tumbo na saa ya mnyororo. Akaitazama njia ile, roho ikamuuma.

"Ardhi nzuri hivi imelala bure, ati kwa ajili ya maji!"

Akaziba mdomo wa njia kwa ukuta wa mawe, akagawa viwanja. Hata Odessa, mjukuu wa Keziah na mvushaji kama bibi yake, akachukua kiwanja. Msimlaumu upesi! Maisha yake yote alikuwa amelala kwenye kibanda kinachovuja. Akajenga nyumba ya njano yenye baraza, akapanda maua dirishani. Aliipenda nyumba ile, jamani, aliipenda mno.

Masika yakaja. Mto akafika ukutani.

"Hodi, wenye mji!"

Kimya. Meya akanong'ona, "Ongezeni mawe."

"Hodi, wenye mji!"

Kimya. "Ongezeni mawe."

"Hodi, wenye mji!"

Odessa alikuwa barazani. Alisikia vizuri kabisa. Neno likamfika kooni. Akaitazama nyumba yake, akalimeza.

Nyinyi mmelelewa. Ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unafanya nini?

—Unarudi!

Naam. Na Mto alikuwa na adabu kuliko wao. Hakuvunja ukuta. Aligeuka. Huko juu penye kona akaikata nchi kavu kama mtu anavyokata muwa, akaenda zake kwa njia nyingine.

Kulipokucha, watu wakaenda gatini. Hakuna Mto. Yalikuwepo matope tu mpaka macho yanapoishia, na meli zimelala ubavu. Mji mzima ulisimama pale, wanaume wamevua kofia. Wenye meli wakaanza kufunga mizigo. Tolliver bila Mto ilikuwa inakufa.

Odessa akashuka matopeni akilia. Kwenye kidimbwi akamkuta Kambare mzee, ndevu zimemlegea.

"Babu Kambare, Mto amekasirika?"

"Angekasirika angewazamisha," Kambare akajibu. "Amehuzunika, mjukuu wangu. Alisema, 'Sikujibiwa. Labda wamekufa wote.'"

"Atarudi?" Odessa akauliza.

"Mfungulieni njia yake. Halafu mwiteni nyinyi."

Odessa akampeleka Kambare kisimani ndani ya ndoo, akachukua shoka. Alianzia kwake. Akang'oa dirisha lenye maua, akavunja baraza, akapasua paa. Machozi yalimtoka na shoka halikusimama.

Meya akaja mbio. "We mama, umerukwa na akili?"

"Nilisikia hodi nikanyamaza," Odessa akasema. "Wewe hukusikia?"

Bwana Farnham akatazama viatu vyake. Alikuwa amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Mwashi aliyejenga ukuta akaenda kuchukua nyundo yake, na wengine wakamfuata. Mwisho meya mwenyewe akavua koti.

Njia ilipokuwa tupu, Odessa akasimama mdomoni mwake.

"Karibu!"

Kimya.

"Karibu!"

Kimya. Sauti ikamkauka. Ndipo mji wote nyuma yake ukavuta pumzi, ukaita kwa kinywa kimoja, "Karibuuu!"

Kimya. Upepo ulisimama, watoto wachanga wakaacha kulia. Kisha kutoka mbali, huko juu penye kona, ikaja sauti ya chini, ya mtu asiye na hakika kama bado anatakiwa.

"Hodi?"

Mwe! Jamani! Akaja Mto. Kwanza alikuwa mwembamba, akagusa vidole vya Odessa. Akapanda hadi kifundo cha mguu. Halafu akaja mzima, mkubwa, mpana, mweusi kwa udongo, meli zikainuka moja baada ya nyingine zikiguna kama watu wanaotoka usingizini. Watu wazima walipiga magoti majini. Hata mimi, nikiwasimulia tu, natetemeka.

Tolliver sasa ina majumba marefu, na katikati yake iko njia ya majani matupu. Wageni wakiuliza kwa nini hapajengwi, huambiwa tu kuwa pana mwenyewe.

Odessa hakujenga tena. Alihamia kwenye mashua yake. Kila asubuhi Mto humgongea ubavuni, "Hodi," naye huitika kabla hajarudia.

Mashua ya hadithi yangu nimeifunga hapo. Aliye karibu na moto, auchochee.