Sufuria ya Kinsi

Mgongo wa binadamu ni mpana, lakini mkono wake una mwisho. Ndiyo sababu wahenga, ambao bila shaka nao waliwashwa kama sisi, walisema kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Maana yake ni kuwa mja afanye mambo kwa kadiri ya uwezo wake na mahali alipo. Anayeng'ang'ania kujikuna pasipofika mkono huishia kujisugua ukutani kama ng'ombe, wapita njia wakimtazama. Linah alijisugua ukutani mwezi mzima.

Linah alikuwa binti wa Elburgon, mwenye maneno mengi kuliko redio. Yeye na mwenzake wa chuo, Kinsi, walitumwa Lanet kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazi katika zahanati, wakakodi vyumba vilivyopakana kwenye ploti ya kupangisha ya Mama Nerima. Vyumba vyenyewe vilikuwa vidogo ajabu. Ukijinyoosha kitandani, vidole vya miguu vinasalimiana na mlango. Mama Nerima alikuwa na sheria mbili. Kwanza, makaa na mafuta ya taa ni marufuku, kwa sababu moshi hupaka kuta zake masizi. Pili, yeyote ambaye chombo chake kingezima stima ya ploti nzima mara tatu angefunga virago.

Basi wasichana hao wakaenda mjini Nakuru kutafuta sufuria za umeme za kupikia wali. Dukani, Linah hakupepesa macho. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa kubwa kuliko zote, pipa linalong'aa, lenye kitambi kama cha chifu. Kinsi naye alizunguka. Alifunua vifuniko, akazipindua sufuria kusoma zinakula stima kiasi gani, kisha akauliza, "Boss, nikipika wali wa mtu mmoja kwa hii kubwa, utaiva ama utakauka tu huko chini?"

Muuzaji alikuna kichwa. "Madam, ukweli? Utakauka."

Kinsi akachukua ndogo kuliko zote, ya bakuli moja, yenye kisahani cha matundu juu cha kupashia mboga. Linah alicheka mpaka akashikilia rafu.

"Kinsi, hiyo ni sufuria ama kofia ya panya?"

"Ni ya mtu mmoja. Mimi ni wangapi?"

"Na mgeni akikuja? Mama yangu husema chungu cha mwanamke hakipimwi kwa tumbo lake, kinapimwa kwa mlango wake."

"Mama yako amesema vizuri, na mlango wake ni mkubwa. Wetu tunaingia kwa ubavu. Hii, miezi mitatu ikiisha, ninaitia kwa mkoba naenda. Wewe utaita lori."

Linah alitia masikio pamba. Jioni ya kwanza alilichomeka pipa lake, na kabla maji hayajapata moto, ploti nzima ikawa giza totoro. "Nani huyo?" Mama Nerima akanguruma. Hilo lilikuwa onyo la kwanza. La pili lilikuja wiki iliyofuata, wakati jirani alikuwa akipiga pasi. Hata siku ambazo stima ilivumilia, wali wa Linah ulikuwa ama gamba la kobe, ama mwingi kiasi cha kumlisha viporo hadi wali ukamtoka puani.

Ng'ambo ya ukuta mambo yalikwenda kama saa. Kinsi aliosha kikombe cha mchele, akapima maji kwa kidole, akabonyeza, akakaa kusoma. Kabla ukurasa haujamchosha, kiswichi kiliruka chenyewe. Mvuke ulimpata Linah mlangoni akijifanya anafagia. Wali ulitoka mweupe, punje kwa punje, kana kwamba zimesemezana zisigusane. Linah alimeza mate, na pamoja nayo akameza utani wake.

Jumapili moja, bila taarifa, babake Linah akabisha. Mzee Kosgei alikuwa ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yale ya kiasili ya kwao, na uso wa mkaguzi. Tangu awali hakupenda bintiye akae peke yake mjini. Alikuwa ameapa kwamba akimkuta anahangaika, atamrudisha Elburgon akauze mbao kwa mjombake, mafunzo yasahaulike.

"Chamgei, Linah. Nimekuja nione unakula nini," akamsalimu kwa lugha ya kwao, akaketi.

Linah alipiga hesabu haraka. Kumlisha baba chakula cha hoteli ndani ya chumba chake ilikuwa aibu. Pipa nalo, likizima stima mara moja tu zaidi, angefukuzwa mbele ya macho ya mzee. Alitoka mbio hadi kwa Kinsi, waya mkononi.

"Nimekwisha! Baba yuko ndani. Niwashe nijaribu bahati?"

"Rudisha huo waya. Kwenu mgeni hula na nani?"

"Hula kwanza. Sisi tunamngoja amalize."

"Sasa wanaokula sahani ya kwanza ni wangapi?"

"Mmoja," Linah akasema, taratibu.

"Basi. Kwetu Mai Mahiu mama hupikia madereva wa malori. Hakuna anayeambiwa angoje wenzake washuke mlima. Anayefika anapikiwa yake, moto moto."

Kinsi akaihamishia sufuria yake kwa Linah, wali chini, mboga juu kwenye kisahani. Redio ya jirani iliendelea kuimba. Stima haikukonyeza hata kidogo. Mzee Kosgei alikula yote. Akafuta sahani. Kufikia hapo, Kinsi alikuwa ameshapika ya pili.

"Huu umetoka sasa hivi?" mzee akashangaa. "Nyumbani naongezwa uliopoa." Akaigeuza ile sufuria, akaipima kwa kiganja kama mtu anayenunua jogoo. "Kadogo haka!" akamwambia Kinsi. "Msichana, umechagua kwa akili." Ndipo jicho lake likaangukia pembeni. "Na lile pipa?"

"Lile, Baba, ni... la wageni."

"Na mimi ni nani?"

Kinsi alijificha nyuma ya mlango kucheka. Linah hakuwa na pa kujificha, akasema yote, onyo la kwanza na la pili.

Mzee Kosgei alikunywa mursik, akafikiri, halafu akatabasamu. "Sikuchukui wewe. Nachukua pipa. Nyumbani tuko tisa, huko litapata kazi. Wewe kaa hapa umalize, ununue saizi yako, na huyu jirani usimwache."

Jumatatu, Linah alisimama tena mbele ya ile rafu, akaomba kofia ya panya, na ya rangi ileile ya Kinsi. Hapo mgongo ukaacha kumuwasha, maana hatimaye alijua: mtu hujikuna ajipatapo.