Mkoba wa Bi Siwatu

Hapo zamani, zahanati ilipokuwa bado mbali na miguu yetu, kijiji cha Kilangwe kilikuwa na mkunga mmoja, Bi Siwatu. Mkoba wake wa ukindu ulining'inia mlangoni, ili mume anayekuja mbio asihangaike kuulizia nyumba. Mkoba mmoja, mlango mmoja. Ndiyo desturi, na msiniulize nani aliianza.

Bi Siwatu akafariki. Mkoba ukabaki bila mlango.

Akaja Mwajabu, aliyemsaidia marehemu miaka na miaka. Mikono yake iliijua kazi. Lakini ile sura! Alikuwa mama wa watoto wawili, na bado wageni wakimkuta kibarazani humwambia, "Binti, hebu mwite mama." Wanawake wa kijiji wakamtazama, kisha wakatazamana.

"Wewe mtoto," wakasema.

"Nina watoto."

"Bado u mtoto. Nani atalia uchungu mbele yako? Nenda ukakue kwanza."

Mwajabu akarudi nyumbani, akalia. Kukataliwa kwa sura uliyopewa na Mungu kunauma, mimi sifichi.

Mkoba wakampa Bi Chausiku, mtu mzima mwenye mvi zake, sauti ya kumtuliza hata mbuzi aliyefungwa. Naye alijua kuzalisha. Ila kuna jambo hakulisema: mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Asubuhi moja Sikitu, mke wa mfinyanzi, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Bi Chausiku akapapasa tumbo. Mtoto amekaa vibaya, ametanguliza matako. Lazima ageuzwe, na kwa mikono ile haiwezekani. Akatoka kwa mlango wa uani, akaenda mwenyewe kwa Mwajabu.

"Mwanangu, njoo. Natetemeka."

"Si mlisema mimi mtoto?"

"Tulisema. Njoo."

Sasa, huko kwao mzazi hutundikiwa kanga kiunoni kama pazia, asione damu. Bi Chausiku akasimama, uso wake juu ya kanga. Mwajabu akaingia kimya, akachutama nyuma ya kanga, chini ya Bi Chausiku, na udogo wake ukamficha.

Wa juu akasema, "Pumua, mwanangu, nipo." Wa chini akageuza.

Wa juu akasema, "Usisukume bado." Wa chini akageuza.

Wa juu akasema, "Haya, sukuma!" Wa chini akapokea. Mtoto wa kike, mzima, analia.

"Mikono yako ina baraka, Bi Chausiku," akasema Sikitu. Hapo Mwajabu akasimama, mtoto mikononi.

Mkoba ukawekwa katikati ya wanawake, waamue upya.

Mwajabu akasema, "Mikono ni yangu. Bila mimi tungezika wawili. Na huyu alijua anatetemeka, lakini mkoba akauchukua."

Bi Chausiku akasema, "Nilinyamaza, nisameheni. Lakini nilikufuata mwenyewe, mimi na mvi zangu. Na aliyemtia Sikitu moyo asikate tamaa ni nani?"

Wakamgeukia Sikitu, mtoto yuko titini.

"Wenzangu, ningemwona Mwajabu pale, ningeogopa, ningejikaza, nami nisingekuwa hapa. Lakini mlinidanganya nikiwa naogopa kufa. Nyote wawili."

Nanyi mlioko huko nyuma, msiniambie washirikiane. Siku ile mto unaokata kijiji ulikuwa mkavu. Masika ukijaa, nyumba ya Mwajabu inabaki ng'ambo hii, ya Bi Chausiku ng'ambo ile, na hakuna anayevuka.

Mimi mate yamenikauka, maneno nawaachia. Je, ni mlango wa nani uliostahili mkoba? Na wewe uliyekwisha kujibu moyoni: mkeo akishikwa na uchungu leo, miguu yako itakimbilia mlango upi?