Kiraka katika Chumba cha Ndani cha Sultani Shekuwe

Hapo zamani, asubuhi ya Jumanne, katika chumba cha ndani cha jumba la Vumbwani, walikuwapo watu hawa. Alikuwapo Sultani Shekuwe bin Athumani, ameketi juu ya mto wa hariri. Alikuwapo waziri wake, Mngwame bin Kheri, ambaye hakupata kumpinga Sultani hata siku moja tangu avikwe kilemba cha uwaziri. Alikuwapo Bwana Mapande bin Omari, muuza rangi, na rangi yake iitwayo Moshi wa Ubani. Alikuwapo Bwana Kaderbhai Lalji, muuza rangi, na rangi yake iitwayo Manyoya ya Njiwa. Alikuwapo Bi Zamu binti Selemani, muuza rangi, na rangi yake iitwayo Wingu la Masika. Alikuwapo Nassibu bin Feruzi, fundi wa kupaka kuta, amefungwa mikono kwa kamba ya usumba. Na mlangoni, kwa kuwa hakualikwa, alikuwapo shemeji yake Nassibu, jina lake Kitojo bin Ramadhani, mtu asiye na kazi wala shamba, ambaye mwaka huo ulikuwa wa kumi na mmoja anakula kwa dada yake.

Sababu ya kukusanyika kwao ilikuwa mjusi. Sultani alikuwa akila, mjusi akatokea ukutani, akasimama, akamtazama. Sultani hakupenda kutazamwa akila, akamvurumishia bakuli la mchuzi. Mjusi akaenda zake, mchuzi ukabaki. Na ukuta ule ulikuwa wa kijivu kizuri mno kiitwacho Majivu ya Udi, kazi ya Fundi Ghalibu bin Nuru, ambaye alikuwa amehamia ng'ambo miaka mingi nyuma asimwachie mtu yeyote siri ya mchanganyiko wake.

Basi Nassibu akaitwa. Akalikwangua doa, akapaziba kwa chokaa, akapapaka Moshi wa Ubani. Ilipokuwa mbichi, Sultani akaitazama akasema ndiyo hiyo. Ilipokauka ikawa na ubuluu kama jicho la samaki wa juzi. Nassibu akapaka Manyoya ya Njiwa pembeni yake. Nayo ilipokuwa mbichi ikasifiwa, ilipokauka ikageuka rangi ya uji wa mtama. Akapaka Wingu la Masika pembeni ya hiyo, nayo ikakauka na ukijani ambao hata Nassibu mwenyewe hakujua umetoka wapi. Ikawa sasa ukutani pana kiraka chenye vipande vitatu, na Sultani hawezi kula wala kusikiliza kesi za watu, maana kila akiinua macho anaona kile kiraka kinamtazama kuliko alivyotazamwa na mjusi.

Wauza rangi wakaulizwa. Kila mmoja akaapa kwamba rangi yake na Majivu ya Udi ni kitu kimoja, na kwamba kosa ni la brashi. Bi Zamu akasema rangi ya Bwana Mapande ni rangi ya punda mwenye homa. Bwana Mapande akajibu kwamba afadhali punda mwenye homa kuliko ukuta ulioota ukungu. Bwana Kaderbhai hakugombana na mtu. Alisema tu, kwa upole, kwamba rangi yake haina ila, labda ukuta ndio unaumwa.

Wala haikuwezekana kuchanganya. Sharti la wauza rangi wa Vumbwani lilikuwa kwamba fundi akitia rangi ya nyumba moja ya biashara ndani ya rangi ya nyumba nyingine, hauziwi tena rangi na nyumba yoyote mpaka anakufa. Nassibu alikuwa fundi mwenye adabu yake, na jambo hilo hakuwahi hata kuliota.

Sultani akachoka kusikiliza. Akasema, "Nassibu bin Feruzi atakaa gerezani hata siku kiraka hiki na ukuta huu vitakapokuwa rangi moja, mtu asijue kimeanzia wapi wala kimeishia wapi."

Watu wote wakainamisha vichwa, kwa kuwa bila Fundi Ghalibu siku hiyo haikuwapo. Nassibu akalia bila sauti, akijifuta machozi kwa bega. Na Kitojo pale mlangoni akaona mambo mawili kwa mpigo mmoja: dada yake Mwanakheri amekuwa mjane wa mume aliye hai, na chungu cha dada yake kimefunikwa kifudifudi. Hakujua lipi limemuuma zaidi, ila miguu ilikwisha kuingia ndani kabla hajaamua.

"Wewe nani?" akauliza Sultani.

"Mimi Kitojo, maulana. Shemeji yake huyu."

"Unajua kupaka rangi?"

"Sijui, maulana."

"Basi umeingia kufanya nini?"

"Wanaojua wote wamekwisha kushindwa, maulana. Nimeona zamu imewafikia wasiojua."

Waziri Mngwame akamtazama Sultani kwanza, akaona anatabasamu, ndipo naye akacheka. Kisha Kitojo akaeleza kwamba anajitolea kuifanya kazi kwa siku tatu. Akishindwa, afungwe pamoja na shemeji yake, tena mnyororo mmoja, ili wapate kuzungumza. Akaomba apewe pazia zito mlangoni, ndoo nne za rangi kutoka kila nyumba, sufuria kubwa la kupikia pilau ya harusi, na pilau yenyewe, sahani tatu kwa siku.

"Pilau ya nini?" akauliza waziri.

"Bwana Waziri, ukuta unatazamwa kwa macho, na macho yangu nikiwa na njaa yanaona sahani tu."

Sultani akakubali. Ndipo Kitojo akaomba jambo la mwisho, kwamba amri itimizwe kwa desturi. Maana huko Vumbwani neno la Sultani halikuwa amri mpaka alitamke mara tatu na waziri alirudie mbele ya watu. Basi Sultani akatamka mara tatu: kiraka na ukuta viwe rangi moja, mtu asijue kimeanzia wapi wala kimeishia wapi. Waziri akarudia neno kwa neno. Kitojo akawa anahesabu kwa vidole, na mara ya tatu akashusha pumzi.

Siku ya kwanza, wauza rangi waliokuja kutega masikio nje ya pazia walisikia kijiko kikigonga sahani, kisha mkoromo. Siku ya pili walisikia kitu kikikorogwa, kisha hatua za mtu anayekwenda huku na huku kama anayetafuta kiatu. Siku ya tatu walisikia mkoromo tena. Kila mmoja akarudi nyumbani na yakini kwamba rangi iliyochaguliwa ni yake. Nassibu, aliyekuwa amefungwa katika chumba cha jirani akingoja kupelekwa gerezani, alisikia mambo hayo yote na kila mkoromo ulimkata maini.

Ijumaa baada ya sala, pazia likaondolewa. Sultani akaingia, na wale wote wa Jumanne nyuma yake. Akautazama ukuta. Akausogelea mpaka ndevu zikaugusa. Akarudi nyuma, akainama, akafumba jicho moja. Kiraka hakikuwapo.

"Mngwame," akasema, "wewe unakiona?"

Waziri, ambaye hakutaka kuonekana hana macho, akanyoosha kidole akasema anakiona pale, kwa mbali. Sultani akasema yeye hakumbuki kama kilikuwa pale. Waziri akahamisha kidole akasema hasha, ni hapa. Akakihamisha mara nne, na mara ya nne alikuwa ameuonyesha mlango.

"Na rangi hii ni ya nani?" akauliza Sultani.

"Yangu," wakasema Bwana Mapande na Bwana Kaderbhai na Bi Zamu, wote kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"Wamesema kweli wote," akasema Kitojo. "Nilizimimina zote katika sufuria. Mimi si fundi, sharti lao halinihusu, na wasiponiuzia rangi maisha yangu yote sitajua kama wameninunia. Kisha nikapaka kiraka. Kisha nikapaka ukuta. Kisha kuta tatu zilizobaki, zisije zikaona wivu."

Sultani akageuka polepole. "Nilikuambia ukilinganishe kiraka na ukuta wangu."

"Uliamuru viwe rangi moja, maulana, mara tatu, na Bwana Waziri akarudia. Hukuamuru yupi amfuate mwenziwe. Kiraka nilikikuta kidogo na kikaidi, mafundi wamekibembeleza kimekataa. Ukuta ni mkubwa, una akili za kikubwa. Nikaona nimwombe mkubwa asogee."

Waziri Mngwame, akiwa bado na kidole chake kwenye mlango, akasema hiyo si Majivu ya Udi; Majivu ya Udi ilikuwa imekoza zaidi.

"Inawezekana," akasema Kitojo. "Bwana Waziri atuonyeshe hiyo ya zamani ilipo, tuziweke pamoja tuzitazame."

Waziri akatazama kuta zote nne. Akatazama na dari. Basi hapo Sultani Shekuwe akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikaangukia mto, na waziri alipoona hivyo akaanza kucheka naye, ila safari hii Sultani akamwambia anyamaze kwa sababu yeye hana la kuchekea. Kamba ya Nassibu ikakatwa pale pale. Kitojo akapewa joho jeusi lenye tarizi, na pilau kila Ijumaa jikoni kwa Sultani, ili chungu cha Bi Mwanakheri nacho kipate siku moja ya kupumzika. Shemeji hao wawili wakatoka wakienda nyumbani, na njia nzima Nassibu akimlaumu Kitojo kwamba pembe ya kaskazini ameipaka vibaya.

Sultani Shekuwe bin Athumani akaendelea kula na kusikiliza kesi katika chumba kile cha kijivu muda wa miezi saba. Akafariki humo siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, kwa homa.