Aliyeiba Usingizi wa Kazija

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kitanda, na mwenye kitanda hataki kulala!

Hapo kale palikuwa na mama, jina lake Mwanakheri, na binti yake Kazija, wa miaka mitatu. Mtoto mzuri, ila usiku halali. Taa ikipunguzwa, anataka maji. Maji yakija, anataka wimbo. Wimbo ukiisha, huyo dirishani, anamwita Komba aliyekuwa akilia kwenye mfenesi: "Komba we! Njoo tucheze!"

Usiku wa kwanza mama akamtishia zimwi. Mtoto akalia mpaka jogoo. Usiku wa pili akampa halua anyamaze. Jamani! Akacheza ngoma juu ya kitanda. Usiku wa tatu akambeba, akatembea naye, ukutani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka ukutani, hata kukacha.

Asubuhi ile Mwanakheri akasinzia mbele ya jiko. Ncha ya kanga ikashika moto. Akaizima kwa maji ya mchele. "Leo kanga," akawaza, "kesho mwanangu."

Akatoka mbio mpaka kwenye mfenesi. "Komba mwizi! Nirudishie usingizi wa mwanangu!"

Komba akafumbua jicho moja. "Mama Kazija, kelele za nini? Watu tumelala."

"Mmelala? Na jua lote hili?"

"Basi nilale lini? Nalala mchana kutwa, ndiyo maana usiku niko macho. Mwanao naye hulala saa ngapi?"

Mwanakheri akageuka, akatazama nyumba ya jirani.

Mnajua alikumbuka nini? Kila alasiri jirani yake, Bi Mosi, humchukua Kazija, akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akasuka ukili wa mikeka huku mtoto anakoroma, mpaka magharibi. Wema mtupu! Na mtu wa wema utamwambiaje aache?

Akaenda kwa werevu. "Bi Mosi, mama yangu, Kazija anataka umfundishe kusuka ukili. Alasiri."

"Huyu? Si atanivurugia!"

"Akivuruga, mpe mwingine. Ila mgongoni asipande. Mwanafunzi hafundishwi mgongoni."

Bi Mosi akamtazama, akaangua kicheko. "Mwanangu, sema tu mgongo wangu ndio mwizi! Nami nilidhani nakupumzisha."

"Umenipumzisha, mama. Nisaidie tena, kwa njia nyingine."

Basi alasiri, Kazija akavuruga ukili. Jioni, maji ya vuguvugu, uji, wimbo mmoja. Nimesema mmoja! Usiku wa kwanza akalia; mama hakumbeba, alikaa kando yake, mkono juu ya mgongo wake mdogo. Usiku wa pili akalia kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Usiku wa tatu, wimbo haujafika kati, kope zikashuka.

Nyumba ikanyamaza. Mwanakheri akajinyoosha alale. Wapi! Usingizi ukamkataa yeye. Akabaki anasikiliza mwanawe anavyopumua, machozi yanamtoka kwa furaha. "Mungu ambariki Bi Mosi," akanong'ona. "Na yule Komba mwenye mdomo mrefu, naye ambariki." Kisha akalala, mpaka jua likamkuta.

Ngano yangu imechoka, naifunika shuka. Nanyi mliokaa hapa, hakuna aliyejifundisha kulala mwenyewe. Kuna mtu alikesha. Kama yupo, kamwambieni asante. Kama hayupo, mwombeeni usingizi mwema.