Zimwi Lililokula Kurasa

Ko! ko! ko! dirishani, usiku wa manane. Sogeeni niwasimulie upesi, mtoto wangu asije akaamka.

Katika mji ambao wafalme wawili waligombania kiti kimoja, mama kijana aitwaye Mwanamvua alikuwa akimwandikia bintiye kitabu, ili akikua ajue mji wao ulivyokuwa kabla ya vurugu. Aliyegonga alikuwa zimwi.

"Dada, umesikia? Daraja limechomwa!"

"Eti nini?" Mwanamvua akaacha kalamu. Papo hapo ukurasa ukaruka mpaka kinywani mwa zimwi, nalo likanenepa.

Usiku wa pili: "Dada, umesikia? Soko limevunjwa!"

"Eti nini?" Ukurasa ukaliwa, zimwi likajaa dirisha zima. Na asubuhi daraja lipo, soko lipo! Jamani, haiudhi hiyo?

Usiku wa tatu: "Dada, umesikia?"

Mwanamvua alikuwa amechoka kabisa. "Sijasikia, na sitaki kusikia! Kaa hapo, ninyamazie, nimalize!" Akaandika huku akisoma kwa sauti: jinsi wafalme wale, walipokuwa watoto, walivyoiba maandazi ya bibi yake, akawachapa, wakakimbia wakilia huku wameshikana mikono.

Zimwi likacheka, likacheka, likatapika kurasa zote, likabaki dogo kama kifaranga. "Halafu, dada? Halafu ikawaje?"

"Nitakusomea kesho. Ila ukimpelekea mtu maneno haya, nitanyongwa, na wewe hutajua mwisho wake."

Zimwi likameza mate. "Haki ya Mungu, dada, simwambii mtu mwingine."