Kuku wa Asali na Pilipili wa Siwema Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na meko na masufuria kama sisi, aliishi Nguchiro mmoja jike aitwaye Siwema. Umbo dogo, lakini akili! Mimi mpaka leo nikimsimulia nacheka peke yangu kwa raha.

Mama yake alikuwa mgonjwa. Siku tatu hakutia kitu mdomoni. Uji, hataki. Maziwa, hataki. Siku ya nne akanong'ona, "Mwanangu, nina hamu ya kuku wa asali na pilipili."

"Utampata leo hii, mama," akajibu Siwema. Lakini bandani alibaki kuku mmoja tu, na kijijini walikuwapo Chui na Fisi.

Hao hawakuwa wezi, la! Mwizi kijijini mle alifukuzwa na ukoo wake wote. Wao waliitumia desturi. Mgeni akikukuta unapika, sharti umkaribishe mara tatu. Akiitikia, unampakulia yeye kwanza mpaka atosheke. Asipoitikia, basi ameshiba, aende zake. Sasa Chui na Fisi walikuwa hawatosheki. Kikipikwa kitu, hodi! Wakiondoka, hata sufuria imelambwa.

Siwema akamchemsha kuku kwa tangawizi na chumvi, kisha akambanika juu ya makaa, polepole. Pembeni akateleka rojo la asali, ndimu na pilipili zilizotwangwa. Akaponda ncha ya bua la mchaichai, akalichovya kwenye rojo, akampaka kuku. Tsss! Akamgeuza, akapaka tena. Tsss! Jamani, huyo mtoto alijua kupika! Kuku akawa mwekundu, anang'aa, na harufu ikatoka dirishani ikaenda kutembea kijiji kizima.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti nzito mbili. Siwema akachungulia dirishani: Chui na Fisi! Chumbani mama yake akakohoa, koh, koh.

Akaitazama sufuria. Rojo lililobaki alikuwa amelisahau motoni, likawa zito, jeusi kidogo. Akatia mwiko. Ukanasa. Akauvuta, wapi! Siwema akatabasamu.

"Subirini hapo barazani, wazee wangu, kuku bado kidogo!"

Haraka haraka akachota rojo lile, akalitumbukiza kwenye maji baridi, akaviringa mabonge mawili makubwa. Akatoka nayo kwenye sahani, amepiga goti kwa adabu.

"Wazee wangu, mimi mtoto wa juzi. Sijui kama rojo langu limekolea. Nani kati yenu ana ulimi wa kujua mapishi?"

"Mimi!" akasema Fisi.

"Wewe?" Chui akacheka. "Wewe unayekula mpaka kwato? Nipe mimi, binti!"

"Onjeni wote basi. Ila msilambelambe. Mjuzi huuma kwa meno yote."

Nyaka! Nyaka!

Mwanzo, utamu. Wakafumba macho. Wakataka kutafuna, taya hazifunguki! Juu zimeganda, chini zimeganda. Na pilipili nayo ikaanza kazi yake. Machozi chururu, pua chururu, mkia wa Fisi unapiga ukuta, pa! pa! pa!

Jirani yake Siwema, Bi Kobe, alikuwa akipeta mchele kwenye baraza yake. Siwema akapaza sauti asikie vizuri.

"Karibuni kuku, wazee wangu!"

"Mmmf!"

"Karibuni jamani, msione haya!"

"Mmmf! Mmmf!"

"Kwa mara ya tatu, karibuni!"

Chui akauvuta mdomo kwa makucha. Haukufunguka.

"Bi Kobe, umewasikia wakiitikia?"

Bi Kobe akaweka ungo chini. "Sijasikia neno. Wameshiba hao. Nendeni zenu, waungwana, mwacheni binti na mamaye."

Wangefanya nini? Wakatimua mbio mtoni, wakatumbukiza nyuso majini, na huko walikaa mpaka jua likazama.

Siwema akampelekea mama yake kuku mzima. Mama akaanza na bawa, akaonja. Akaonja tena. Kisha akaketi kitandani mwenyewe, siku ya kwanza tangu augue, akashika paja kwa mikono miwili. Siwema akageuka ukutani, maana alikuwa analia kwa furaha.

"Rojo limekolea, mwanangu," mama akasema, akilamba vidole. "Nani alikuonjea?"

"Wageni, mama. Walipenda hata wakakosa la kusema."

Kuku amekwisha, na hadithi yangu imekwisha naye: mwenye pupa usishindane naye kwa nguvu, mpe anachokipapia, nacho kitamfunga mdomo.